Maneno Elfu Moja Mia Mbili na Arobaini

Mkuyuni, Mwanza
4 Julai 1994

Mwalimu Dorotea,

Shikamoo. Nimefika. Meli ilichelewa kung'oa nanga Nansio lakini ziwa lilikuwa limetulia, sikutapika kama nilivyotapika nilipokuja. Mama amepokea sato wa kukaushwa na anasema siku ukija mjini usithubutu kulala kwingine.

Kaseti zote kumi na moja ziko salama, watoto wako ishirini na wawili wa chekechea, kila mtoto upande wake. Mratibu wetu, Dk. Chenge, alizitazama akashangaa kuona zimejaa mpaka mwisho. Nikamwambia watoto wa Nansio wanaongea. Alicheka, hakuuliza zaidi, nami sikuongeza neno.

Uliniuliza nitazifanyia nini, nikakujibu kijuujuu. Ni hivi. Nasikiliza, nasimamisha kaseti, naandika kila neno mtoto alilosema. Nikimaliza nahesabu mara mbili: kwanza maneno yote, hata yaliyorudiwa, kisha maneno tofauti tu, yaani "samaki" likisemwa mara hamsini nalihesabu mara moja. Hesabu ya pili inagawanywa kwa ya kwanza, na jibu linaandikwa kwa mia. Hilo ndilo Dk. Chenge analoliita upana wa msamiati. Ndivyo alivyofanya alipokuwa anasoma Beijing, kwa watoto wa chekechea wanaozungumza Kichina cha Mandarini. Jedwali la watoto wale amelibandika ukutani juu ya meza yangu. Hata lile boksi la vitu vya kuchezea lilitoka huko.

Modesta wa Nestory peke yake amenilia siku tatu. Pale anapomshika samaki wa plastiki na kusema, "Huyu si sangara, si sato, si ningu, si kamongo, mkia wake wa uongo, mmemvua wapi?" nimecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Ni mimi mwanao,
Raya Faisal

*

Nansio, Ukerewe
13 Julai 1994

Mwanangu Raya,

Marahaba. Barua yako niliisoma mbele ya wazazi, isipokuwa pale pa kutapika.

Kuhusu kaseti kujaa, Dk. Chenge asishangae. Kwetu jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli halirudi kwake tupu. Hata viazi viwili utatia. Kaseti ni chombo cha mgeni. Ningeirudisha ina sauti nusu, wazazi wangenisema mpaka Krismasi. Ndiyo maana aliyechoka nilimpa maji akaendelea, na aliyeona haya, kama Maige, nilimbembeleza. Upande wa Maige utasikia sauti yangu zaidi kuliko yake.

Walichanganya Kikerewe na Kiswahili kama wanavyofanya kila siku. Ulisema vyote vihesabiwe, nami nimewaambia wazazi hivyo.

Jambo moja niambie wazi. Mradi uliahidi kwamba majibu yatapelekwa shule ya msingi ili yawasaidie watoto wanapoingia darasa la kwanza Januari. Yatawasaidiaje? Nestory, baba yake Modesta, ni fundi wa nyavu na si mtu wa kununua kitu kabla ya wakati wake, lakini kitambaa cha sare amekwisha kinunua. Anauliza kila tukikutana. Nimemwambia majibu ya mtoto wake hayawezi kuwa mabaya. Usije ukaniaibisha.

Mama yako,
Dorotea Magesa

*

MRADI WA LUGHA YA WATOTO WA AWALI
Mwanza
3 Oktoba 1994

Mwalimu Dorotea Magesa,
Chekechea, Nansio.

YAH: MATOKEO YA UPIMAJI WA MSAMIATI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Wastani wa watoto wa Beijing tunaowatumia kama kipimo ni 61 kwa mia. Wastani wa chekechea ya kulipia tuliyoipima hapa mjini ni 58. Wastani wa chekechea yako ni 31.

Watoto kumi na wanne wako chini ya 35, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa. Kwa makubaliano kati ya mradi na shule ya msingi, watoto hao hawataandikishwa darasa la kwanza Januari 1995. Watarudia chekechea hadi Januari 1996. Orodha itabandikwa.

Wa mwisho ni Modesta Nestory, mwenye 25. Mtoto huyu anaongea sana lakini anarudiarudia maneno yaleyale. Wazazi washauriwe.

Nakutakia kazi njema.

Dk. Jonathan Chenge
Mratibu

*

Nansio
10 Oktoba 1994

Dk. Chenge,

Barua yako nimeipata Ijumaa. Orodha ilikuwa imetangulia, imebandikwa tangu Jumatano kwenye ubao wa matangazo, mlangoni pa ukumbi wa mikutano, kwa hiyo wazazi waliisoma kabla yangu. Wasiojua kusoma walisomewa na karani wa mnada, kwa sauti, majina kumi na manne, mmoja baada ya mwingine.

Nimefundisha chekechea miaka kumi na tisa. Sijasomea Beijing wala popote zaidi ya kozi ya miezi sita. Lakini Modesta namjua. Ana miaka sita. Anajua majina ya nyavu kwa ukubwa wa macho, yaani matundu ya nyavu, kwa sababu baba yake huziunga mbele yake. Ukimwonyesha samaki atakwambia ni wa aina gani, amevuliwa lini, na kama anayemuuza ni mkweli. Mwezi Mei alinisahihisha mimi jina la mti mbele ya darasa, na alikuwa sahihi. Huyo ndiye unayeniambia ni maskini wa maneno kuliko watoto wote ishirini na wawili.

Wewe hujawahi kufika Nansio. Ulimtuma binti na boksi, ukapata kaseti, ukagawanya. Sina ugomvi na watoto wa Beijing. Ugomvi wangu ni na mtu anayeandika "wazazi washauriwe" bila kusema washauriwe nini. Nimwambie Nestory amfundishe mwanawe kunyamaza?

Naomba orodha iondolewe mlangoni na nielezwe hesabu ilivyofanywa, mtoto kwa mtoto.

Dorotea Magesa

*

Nansio
10 Oktoba 1994

Raya,

Nimemwandikia bosi wako. Wewe nakuuliza la pembeni.

Jana sokoni wanawake walinizunguka. Bernadeta, yule muuza dagaa uliyemwona, mwanawe amekatwa. Aliniuliza, "Mwalimu, hao wanane waliopita si ndio wale mabubu wako?" Wenzake wakacheka. Nilimwambia aache upuuzi. Akanihesabia kwa vidole: Maige, aliyejificha chini ya meza, amepita. Mapacha waliolia wamepita. Yule mtoto wa mganga, ambaye hata mimi sijamsikia akimaliza sentensi, ameongoza. "Na wenye midomo wameanguka wote. Mashine yenu inachukia kelele."

Niliwaambia hakuna kipimo cha namna hiyo duniani. Lakini nimerudi nyumbani nikatazama orodha upya, na sioni pa kumpinga. Ulihesabu nini, mwanangu?

Dorotea

*

Mkuyuni, Mwanza
22 Oktoba 1994

Mwalimu Dorotea,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilirudia hesabu zote kwanza.

Bernadeta ana haki. Nitakueleza kama nilivyojieleza mwenyewe.

Mtoto anapoanza kusema, karibu kila neno ni jipya. Akiendelea, lazima arudie: huyu, yangu, hapa, mama, samaki, nipe. Hata wewe, hata Dk. Chenge. Kwa hiyo maneno yote yanaongezeka haraka, maneno mapya yanaongezeka polepole, na ukigawanya, jibu linashuka. Anayeongea muda mrefu atapata kidogo kuliko anayeongea muda mfupi, hata kama anajua maneno mara tatu zaidi.

Tazama. Modesta alisema maneno 1,240 katika nusu saa. Tofauti ni 310. Gawanya: 25 kwa mia. Mtoto mmoja wa chekechea ya kulipia ya mjini alisema maneno 160, tofauti 96. Gawanya: 60 kwa mia. Wa kwanza ana maneno 310, wa pili 96, na jedwali linasema wa pili ndiye tajiri.

Nilichofanya ni kuchukua maneno 160 ya kwanza tu ya kila mtoto wako na kuacha mengine. Modesta ana 104 tofauti, ambayo ni 65 kwa mia, juu ya Beijing. Wenzake wote kumi na watatu wako juu ya 50. Sijalala vizuri tangu niione karatasi hiyo.

Niliipeleka kwa Dk. Chenge. Aliisoma yote, ameketi. Nikamuuliza watoto wa Beijing waliongea muda gani. Akajibu, "Dakika kumi. Nilikuwa nimeshika saa mkononi." Kisha akasema ripoti imekwisha kwenda Dar es Salaam kwa wafadhili na kwamba mimi niliajiriwa kuhesabu, si kufikiri.

Sijui tufanye nini. Pole sana, Mwalimu.

Raya

*

Nansio
31 Oktoba 1994

Raya,

Dk. Chenge amenijibu, mistari mitano. Anasema kama kuna kasoro ni yangu, kwa sababu nilikiuka maelekezo. Nanukuu: "Ukurasa wa pili wa mwongozo unaeleza wazi kwamba kila mtoto arekodiwe dakika kumi tu." Nakala ya barua hiyo ameipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye amenionyesha akitabasamu.

Mimi nilipewa ukurasa mmoja. Ninao hapa. Unaeleza jinsi ya kupanga vitu mezani na kutowasaidia watoto kutaja majina. Hausemi habari ya dakika.

Ulikaa kwangu siku nne. Ulikaa kiti cha pembeni kila mtoto alipokuwa akiongea. Uliniona nikiwapa maji ili waendelee.

Kulikuwa na ukurasa wa pili?

Dorotea Magesa

*

Mkuyuni, Mwanza
7 Novemba 1994

Dk. Jonathan Chenge,
Nakala: Mwalimu Dorotea Magesa, Nansio; Mwalimu Mkuu, shule ya msingi, Nansio.

Ndugu Mratibu,

Ninaandika maelezo haya kwa hiari yangu na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Mwongozo ulikuwa na kurasa mbili. Niliondoka Mwanza na ukurasa wa kwanza tu; wa pili ulibaki kwenye droo yangu, na uko hapo mpaka leo. Nilikumbuka habari ya dakika kumi siku ya kwanza, mtoto wa pili alipokuwa anazungumza. Sikusema. Mwalimu Dorotea alikuwa amekwisha waambia wazazi kwamba kaseti zijazwe, watoto walikuwa wanafurahi, na mimi niliona aibu kuonekana nimesahau kazi niliyotumwa. Pia nilidhani maneno mengi hayawezi kumdhuru mtu. Mwalimu hakukiuka lolote. Hakuambiwa.

Hilo ni kosa langu. La kwako ni hili. Julai uliziona kaseti zimejaa. Ulijua watoto wa Beijing walipewa dakika kumi za kupimwa kwa saa ya mkononi, na wa hapa mjini vilevile. Uliweka dakika thelathini na dakika kumi kwenye jedwali moja ukatia sahihi. Tarehe 21 Oktoba nilikuwekea hesabu sahihi mezani. Siku kumi baadaye barua yako ilifika Nansio ikimlaumu Mwalimu kwa ukurasa ambao ungeweza kuniuliza mimi, hatua nne kutoka mlangoni kwako.

Nimeambatisha hesabu za watoto wote ishirini na wawili. Naomba kumi na wanne waandikishwe.

Raya Faisal
Karani wa hesabu

*

Nansio
16 Novemba 1994

Raya,

Nakala imefika.

Ulikula mezani kwangu siku nne ukijua. Kisha ukaandika barua mbili za "shikamoo" na "pole sana" ukijua. Ile ya pili ilikuwa na hesabu nzuri kiasi kwamba nilimsomea Nestory, nikamwambia binti huyu ni mwaminifu. Nimemrudia juzi kumwambia nilikosea. Alikuwa anaunga wavu, hakuinua kichwa.

Nakubali kwamba umesema mwenyewe, na kwa maandishi, na umekwisha jua itakugharimu nini. Wengine hawasemi mpaka wazikwe. Lakini usiniombe nikuambie hakuna neno, kwa sababu neno lipo. Kumi na wanne bado wako kwenye ile orodha, na mtu mmoja kati yenu wawili angetamka sentensi moja mwezi wa sita au wa saba yasingetokea haya.

Mwalimu mkuu amesoma maelezo yako. Sasa hatabasamu. Anasema hawezi kuwapokea bila barua ya mradi.

Nasikia umeachishwa kazi. Mwambie mama yako namsalimu.

Dorotea Magesa

*

MRADI WA LUGHA YA WATOTO WA AWALI
Mwanza
19 Desemba 1994

Mwalimu Dorotea Magesa,
Chekechea, Nansio.

YAH: MAREKEBISHO YA UTARATIBU

Rejea zoezi la marudio nililolisimamia mwenyewe hapo Nansio tarehe 13 Desemba, kwa dakika kumi kila mtoto.

Ninayo furaha kukujulisha kwamba watoto wote kumi na wanne wamevuka kiwango. Wastani mpya ni 79 kwa mia, ambao unapita chekechea zote tulizopima. Shule ya msingi imeelekezwa kuwaandikisha.

Aidha, Modesta Nestory amepata 100 kwa mia. Hakurudia neno hata moja. Matokeo ya namna hii sikuyapata hata Beijing, na nimeyataja kwenye ripoti ya nyongeza kama ushahidi wa maendeleo ya haraka. Cheti chake nimekiambatisha ili akabidhiwe mbele ya wazazi.

Natumaini suala hili limefungwa.

Dk. Jonathan Chenge
Mratibu

*

Nansio
30 Januari 1995

Dk. Chenge,

Watoto kumi na wanne waliandikishwa tarehe 9. Nilikwenda nao mwenyewe na kusimama mlangoni mpaka jina la mwisho lilipoandikwa kwenye daftari. Nafasi zile zilikuwa zao tangu mwanzo, kwa hiyo usingoje nikushukuru.

Cheti sikumkabidhi mtu. Kimo ndani ya bahasha hii.

Sasa nikueleze ulichokiona tarehe 13 Desemba, kwa sababu uliondoka na meli ya mchana na hukuuliza. Baada ya orodha yako kusomwa mlangoni, kila nyumba ilielewa jambo moja: walioongea ndio waliokatwa. Nilipita nyumba kumi na nne kuwaeleza habari ya kugawanya. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha wakawaambia watoto wao walichokiona kwa macho yao. Nestory si mkali, hajawahi kumpiga yule mtoto. Alimkalisha tu akamwambia, "Maneno yako ndiyo yaliyokufukuza shule." Na kwa hesabu yako ya kwanza alikuwa sahihi kabisa. Ndilo linalonichoma.

Ndiyo maana walikaa mbele yako mikono mapajani. Uliniambia wamekuwa na nidhamu. Modesta ulikaa naye dakika kumi, saa mkononi, ukamwonyesha vitu vyote vya kwenye boksi. Niliketi nyuma yako na nilihesabu pia. Alisema: shikamoo, gari, kuku, samaki, mtoto, ndiyo, hapana, sijui, basi. Maneno tisa, yote tofauti. Ukagawanya tisa kwa tisa, ukampa namba moja ya ziwa zima.

Mwezi wa sita alisema 1,240. Nimeandika namba hiyo kwa wino kwenye ubao wa matangazo, pale palipokuwa na orodha yako, na mtu akifuta nitaandika tena. Chini yake nimeandika 9, na tarehe zote mbili, na jina lako.

Ijumaa mwalimu wa darasa la kwanza aliniita. Ni kijana mgeni, ametoka Magu, hajui habari hizi. Alisema ana mtoto mmoja anayeandika vizuri na kuelewa kila kitu lakini hafungui mdomo, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Ameulizia nyumbani, wakamwambia ndivyo ilivyo bora. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeogopa kukosea, kama Modesta alizaliwa bubu.

Nilimwambia hapana. Akauliza basi nini kimempata. Nikampa jina lako na anwani yako, nikamwambia swali hilo akuandikie wewe.

Barua yake inakuja kwa meli ileile iliyobeba hii. Mjibu.

Dorotea Magesa